Kabla ya Kuwasha: Umeme na Gesi Katika Jiko la Mtwara na Lindi

Jiko la mjini huku kusini limejaa vitu. Ingia chumba kimoja cha kupanga pale Magomeni au Chikongola, Mtwara, au Rahaleo kule Lindi, utakuta mtungi wa gesi wa kilo 6, jagi la umeme, blenda ya kusagia nazi, friji dogo na raiskuka, vyote vikitegemea soketi moja ukutani. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia uliozinduliwa mwaka 2024 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapikia nishati safi ifikapo 2034, na mitungi ya ruzuku imeshafika hadi vijijini. Ni jambo jema sana. Mama zetu wamelizwa na moshi vya kutosha. Ila mtu anakabidhiwa mtungi bila kuonyeshwa namna ya kuukagua, na anauziwa jagi bila kuulizwa kama nyumba yake ina ethi, yaani waya wa kupeleka ardhini umeme unaovuja.

Kifaa chenyewe, kikiwa kipya, mara nyingi ni kizima. Balaa linakaa kwenye maungio: pale plagi inapoingia kwenye soketi, mpira unapoingia kwenye regyuleta, regyuleta inapokaa juu ya mtungi, na waya wa ethi unapoishia ardhini. Kwa hiyo tutaanza na hayo, kisha ndiyo tuje kwenye majagi na mablenda.

Hatua ya kwanza: hakikisha nyumba ina ethi

Kuna nyumba ambazo friji "linapiga". Ukilishika mlango ukiwa peku, unasikia mkono unatetemeka. Watu wameshazoea: wanatandika kipande cha mkeka mbele ya friji, au kila anayetaka maji baridi anavaa ndala kwanza. Tafadhali, usiishi hivyo hata wiki moja. Friji linalopiga maana yake umeme umevuja kutoka kwenye nyaya za ndani na kufika kwenye bodi la chuma. Kama waya wa ethi ungekuwepo na uko sawa, umeme huo ungepata njia ya kwenda ardhini. Usipokuwepo, unamsubiri mtu. Ndala zinapunguza makali tu, na siku moja mtoto atatoka kuoga, mwili umelowa, miguu peku, na kwenda moja kwa moja kushika mlango ule.

Huku pwani tatizo hili linachochewa na hewa yetu ya chumvi. Kutu inakula bodi la friji kuanzia chini, unyevu unaingia kwenye viungo vya nyaya, na kifaa kilichokuwa salama mwaka jana kinaanza kuvuja mwaka huu.

Soketi za Tanzania ni za matundu matatu na umeme wetu ni wa volti 230. Pini ile ndefu ya juu kwenye plagi ndiyo ya ethi, na ndiyo pia inayofungua vifuniko vya matundu mawili ya chini. Ndiyo maana mtu mwenye plagi ya pini mbili anachukua kijiti au kalamu, anaingiza tundu la juu, kisha anasukuma plagi yake ndani. Inawaka, lakini plagi inakaa legelege, inatoa cheche, na kifaa hakina ethi kabisa. Chaja ya simu, na vifaa vyenye alama ya mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, vimetengenezwa visihitaji ethi. Vitumie kwa adapta inayobana vizuri. Jagi la chuma, friji, jiko la umeme na raiskuka havimo katika kundi hilo. Hivyo lazima viwe na plagi ya pini tatu, na ndani ya plagi waya wa kijani na njano uwe umefungwa kwenye pini ya juu. Mafundi wa mitaani wengine wanaukata, eti hauna kazi. Mwambie aurudishe.

Basi soketi iko sawa, plagi iko sawa, bado kuna ardhi yenyewe. Fimbo ya ethi iliyopigwa kwenye mchanga mkavu haipitishi umeme vizuri, na sehemu kubwa ya miji yetu imejengwa juu ya mchanga. Fimbo iliyofanya kazi nzuri masika inaweza kuwa dhaifu ifikapo Septemba, ardhi ikishakauka kabisa. Mwite fundi umeme mwenye kipimo cha ethi, si mwenye testa peke yake, aje apime wakati wa kiangazi. Ikibidi, ataongeza fimbo nyingine au kuipeleka chini zaidi. Mwulize pia kuhusu breka ya kuzuia umeme kuvuja, ile ya miliampia 30 yenye kitufe cha kujaribia. Hiyo inakata umeme ndani ya sehemu ndogo ya sekunde ukianza kupita kwa mtu. Kila mwezi bonyeza kitufe chake. Isipokata, imekufa, ibadilishwe.

Kama ni mpangaji, zungumza na mwenye nyumba mapema na kwa heshima. Gharama ya fimbo na breka inaweza kugawanywa, na nyumba ni yake. Moto ukitokea, anayepoteza bati na kuta ni yeye.

Hatua ya pili: piga hesabu ya mzigo

Soketi ya kawaida na fyuzi yake ni ampia 13. Zidisha kwa volti 230, unapata karibu wati 3,000, na huo ndio mwisho wake. Sasa geuza vyombo vyako usome kibandiko cha chini. Jagi la umeme huwa kati ya wati 1,500 na 2,200. Jiko la umeme la sahani moja ni 1,000 hadi 1,500. Raiskuka ya kawaida 400 hadi 700, blenda 300 hadi 500. Ukichomeka jagi la 2,000 na jiko la 1,000 kwenye ekstensheni moja, umeshafika. Ukiongeza wali, umevuka.

Tena hapo tumechukulia ekstensheni nzuri. Nyingi zinazouzwa kwa bei chee zina waya mwembamba usioweza kubeba hata nusu ya mzigo huo. Chochote kinachotoa moto, yaani jagi, jiko, raiskuka, ovena na pasi, kichomeke moja kwa moja ukutani, na kimoja kwa wakati. Ekstensheni iachie redio na chaja. Usiipitishe chini ya mkeka au zulia, wala usiitumie ikiwa imeviringwa, kwa sababu joto lake halipati pa kutokea.

Dalili za maungio yanayoungua ni hizi: plagi ina joto la kukufanya uondoe mkono, tundu la soketi limegeuka rangi ya kahawia, au taa inacheza kila jagi likiwashwa. Nyingine watu wengi huku wanaipuuza: plastiki ya soketi ikianza kuungua mara nyingi hutoa harufu kama ya samaki. Kwa mji wa samaki, nani atashtuka? Basi ukisikia harufu hiyo siku ambayo hamjapika samaki, zima swichi kuu, halafu tafuta ilipo. Na fyuzi ikikatika, weka fyuzi. Karatasi ya sigara na kipande cha waya vinaruhusu mzigo wowote upite mpaka waya wa ukutani ndio uwe fyuzi.

Umeme ukikatika, chomoa kila kitu, uache taa moja ya kukujulisha umerudi. Hatari kubwa hapa ni jiko la umeme: umeme umekatika katikati ya mapishi, mama akahamia kwenye mkaa, swichi ikabaki imewashwa, na juu ya sahani kukawekwa kitambaa au kapu la plastiki. Umeme unarudi saa tisa za usiku watu wamelala. Friji nalo lisirudishwe papo hapo. Lipe dakika tano, kompresa ipumue.

Hatua ya tatu: uelewe mtungi wako

Hapa kuna jambo linalowachanganya watu wa kusini kuliko wa mikoa mingine. Sisi tuna gesi yetu. Songo Songo, wilayani Kilwa, iligunduliwa mwaka 1974, na Mnazi Bay ya Mtwara mwaka 1982. Ile ni gesi asilia, nyepesi kuliko hewa. Ikivuja inapanda juu na kutokea kwenye matundu ya karibu na paa. Nyumba chache zilizounganishwa na bomba zinatumia hiyo. Lakini gesi ya mtungi unaoununua dukani si hiyo. Ni mchanganyiko wa propeni na buteni, unaoletwa kwa meli kutoka nje, na ni nzito kuliko hewa. Ikivuja inashuka sakafuni, inatambaa chini ya kitanda, inajaa kwenye kona, inaingia shimoni.

Angalia sasa nyumba zetu zilivyojengwa: matundu ya hewa yako juu, karibu na dari. Kwa gesi ya mtungi matundu hayo hayasaidii kitu. Kinachosaidia ni mlango ulio wazi na uwazi wa chini. Kwa hiyo mtungi usikae kwenye kona iliyoziba nyuma ya kabati, wala chumbani karibu na kitanda kama una pa kuuweka pengine. Baraza la nyuma lenye kivuli ni bora kuliko chumba. Uani pia, mradi usipigwe na jua wala mvua.

Dukani, kabla ya kulipa, omba mtungi upimwe kwenye mizani. Uzito wa mtungi mtupu umeandikwa kwenye chuma chake. Ongeza kilo 6 au 15 za gesi, jumla ilingane na mizani. Angalia lakiri kwenye vali, na ukatae mtungi wenye kutu ya kumenyeka au uliobonyea. Kwenye bodaboda mtungi usafirishwe ukiwa umesimama. Hata nyumbani usiulaze, maana ukilala kinachotoka ni gesi ya maji, nayo ikigeuka hewa hutanuka zaidi ya mara 200.

Kufunga mtungi mpya fuata mpangilio huu, usiruke:

1. Zima kila moto ulio karibu: mshumaa, sigara, jiko la mkaa la jirani koridoni, na chetezo cha ubani. Ubani unasahaulika sana.
2. Funga vali ya mtungi wa zamani, kisha ndipo uvue regyuleta, au ile bana (kichwa kinachotoa moto) kama ni mtungi mdogo unaopikiwa juu yake.
3. Tazama kipete cha mpira cha kuzuia uvujaji, pale mdomoni. Kikiwa kimepasuka, kimekauka au hakipo, usifunge. Rudisha dukani.
4. Funga, uhakikishe imekaa sawa. Usikaze kwa koleo.
5. Chukua sabuni ya maji, koroga hadi ipate povu, paka kwenye vali, regyuleta na ncha zote mbili za mpira. Sasa fungua gesi huku jiko limezimwa. Mapovu yakivimba hata kidogo, panavuja; funga.
6. Washa kiberiti kwanza, kisogeze kwenye jiko, ndipo ufungue gesi ya jiko.

Wapo wanaotafuta uvujaji kwa njiti ya kiberiti. Usijaribu, hata mara moja, hata kama fundi amekufanyia hivyo mbele yako.

Mpira wenyewe uwe ule wa gesi, usizidi mita moja na nusu, na kila ncha iwe na klampu ya chuma. Nimeona mipira ya kumwagilia bustani, na klampu iliyotengenezwa kwa mpira wa baiskeli. Vyote viwili vinafaa kutupwa leo hii. Mpira wako wa gesi ukunje kidogo kwa vidole uone kama una nyufa, na uutazame upande wa chini kwa ajili ya meno ya panya. Ukifika miaka miwili hadi mitatu, badilisha hata kama bado unapendeza.

Upepo nao una lake. Kusi ikivuma kupitia dirishani inaweza kuzima moto mdogo wa jiko bila wewe kujua, na majiko mengi ya bei ya kawaida hayana kifaa cha kukata gesi moto unapozimika. Kwa hiyo jiko lisikae kwenye njia ya upepo, na ukiacha mchuzi wa nazi uchemke taratibu, usiende mbali. Moto mzuri ni wa bluu. Ukiwa wa njano na unatia masizi kwenye sufuria, bana imeziba: safisha matundu yake, na ufungue dirisha, kwa sababu moto wa namna hiyo hutoa hewa ya sumu.

Ukisikia harufu ya gesi (imetiwa dawa inayonuka kama kabichi iliyooza ili ujue), usiguse swichi yoyote. Usiwashe taa, usizime feni. Toa watoto, fungua milango, funga vali. Ikikataa kufunga, ukiweza beba mtungi utoke nao nje bila kuulaza, uuweke mbali na moto. Usirudi kuwasha chochote mpaka harufu iishe kabisa.

Mkaa siuachi nyuma, maana umeme na gesi vikiisha ndio tunaorudia. Jiko la mkaa lisiingie chumba cha kulala kilichofungwa, hata likionekana limebaki majivu. Hewa yake ya sumu haina harufu, na mtu aliyelala haamki.

Hatua ya nne: vyombo vyenyewe

Jagi: jaza maji huku halijakaa kwenye kitako chake, usivuke alama ya juu, na waya usining'inie mezani mtoto aufikie. Ile hita ya koili inayotumbukizwa kwenye ndoo, kwa maoni yangu haifai nyumba yenye watoto. Kama huna budi, tumbukiza kwanza ndipo uchomeke, na uchomoe plagi kabla ya kutia kidole kupima joto. Kuzima swichi peke yake hakutoshi.

Blenda: vipande vya nazi viwe vidogo, na maji yawe ya vuguvugu, si ya moto; mvuke ukibanwa kwenye jagi lililofunikwa unarusha kifuniko na kukumwagia usoni. Saga dakika moja, ipumzike. Ikikwama, chomoa kabla ya kuingiza mwiko.

Presha kuka inastahili heshima yake. Kwa mbaazi, pweza au ming'oko inaokoa gesi nyingi, kwa kuwa ndani yake joto linafika nyuzi 120 hivi wakati maji ya sufuria ya kawaida hayavuki 100. Mwisho wa kujaza ni theluthi mbili, na kwa mbaazi, choroko au maharage ni nusu tu, maana povu na maganda hupanda na kuziba tundu la mvuke. Kabla ya kila mapishi inua kitundu hicho kwenye mwanga. Usipoona upande wa pili, kizibue kwa njiti. Mfuniko ukikataa kufunguka, unakuambia presha ipo bado. Ngoja.

Friji: liache nafasi ya kiganja nyuma yake. Barafu ikijaa kwenye friza usiichokonoe kwa kisu. Mafriji mengi mapya yanatumia gesi iitwayo R600a, ambayo inawaka, na bomba lake limepita hapo hapo kwenye ukuta wa friza. Chomoa, acha mlango wazi, weka sufuria ya maji ya moto ndani.

Na korosho zenye maganda usizichome ndani kwenye jiko la gesi. Mafuta ya ganda lake yanaunguza ngozi, moshi wake unawasha macho na kifua, na yakishika moto yanaruka. Ni kazi ya uani, kwa kuni.

Hatua ya tano: mambo yakiharibika

Mafuta yakiwaka kwenye kikaango, zima gesi na ufunike kwa mfuniko au sinia, usifunue kwa haraka. Usimwage maji: yanageuka mvuke papo hapo na kurusha mafuta yanayowaka hadi darini. Moto ukikushinda, toka, funga mlango, piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Mtu akinaswa na umeme, usimshike. Kimbilia swichi kuu. Usipoifikia, msukume kwa mti mkavu huku umesimama juu ya kitu kikavu. Hata akiinuka na kusema yuko sawa, apelekwe hospitali apimwe moyo.

Aliyeungua, vua pete na bangili upesi, kabla hajavimba, na umwagilie maji safi ya kawaida yanayotiririka kwa dakika 20. Ndiyo, 20, wengi wanaacha baada ya moja au mbili. Kama bomba halitoki, tumia kata na ndoo. Nguo iliyogandana na ngozi iache. Dawa ya meno, asali, mayai na mafuta ya taa visiguse kidonda, na malengelenge yasipasuliwe. Funika kwa kitambaa safi au mfuko safi wa plastiki usiobana. Ikiwa ameungua uso, mikono, miguu au sehemu za siri, au ni mtoto mdogo, au kidonda ni kikubwa kuliko kiganja chake mwenyewe, usisubiri kuche: Mtwara mpeleke Hospitali ya Ligula, Lindi mpeleke Hospitali ya Sokoine, na aliye wilayani aanzie kituo cha afya kilicho karibu naye.